Picha Inapobanwa: Kinachopotea Njiani na Haki ya Mwananchi wa Gongoni

Na Mwandishi Wetu

Orodha ya walioitwa kwenye usaili inapotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, huwa ni waraka wa PDF wenye herufi kali na namba zinazosomeka bila shida. Hadi inapomfikia mwombaji aliyeko Kata ya Gongoni, Manispaa ya Tabora, mara nyingi imekwishabadilika. Mtu wa kwanza ameipiga picha ya skrini, wa pili ameikata ili ibaki sehemu inayomhusu, wa tatu ameituma kwenye kundi la WhatsApp, na wa nne ameipakua na kuituma upya kwenye makundi mengine. Mwombaji anapoivuta kwa vidole viwili ili asome vizuri, badala ya herufi anakutana na madoa. Namba iliyo mbele yake yaweza kuwa 6, yaweza kuwa 8; tarehe yaweza kuwa 3, yaweza kuwa 5.

Tatizo hilo huchukuliwa kuwa dogo, na pengine kulaumiwa kwa simu ya bei nafuu au mtandao hafifu. Kwa hakika linatokana na teknolojia mbili ambazo kila mwananchi mwenye simu au televisheni huzitumia kila siku: teknolojia ya kubana picha na video ili zipite kwenye njia nyembamba ya mawasiliano, na teknolojia ya kuikuza picha ili kuona kilicho kidogo. Ya kwanza hupunguza taarifa. Ya pili hutoa matumaini kwamba taarifa hiyo inaweza kurudishwa. Uchambuzi huu unaeleza namna teknolojia hizo zinavyofanya kazi, faida zilizoletwa nazo mkoani Tabora, na mahali ambapo kuzitumia bila uangalifu kunaweza kumkosesha mwananchi haki yake.

Sababu ya kubana picha

Picha ya dijitali ni mkusanyiko wa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli, na kila pikseli huhifadhiwa kama namba zinazoeleza rangi na mwangaza wake. Picha ya televisheni ya kiwango cha kawaida ina pikseli 720 kwa upana na 576 kwa urefu, na hubadilishwa mara 25 katika kila sekunde. Ikiwa kila pikseli itachukua biti 24, sekunde moja ya video hiyo itahitaji takriban megabiti 249. Mkondo mmoja wa masafa ya televisheni wenye upana wa megahezi 8, hata kwa mfumo wa kisasa wa urushaji, hubeba kiasi cha megabiti 40 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, bila kubanwa, hata chaneli moja isingetosha kupita.

Kwa video ya simu hesabu ni nzito zaidi. Video yenye pikseli 1920 kwa 1080, picha 25 kwa sekunde, ingehitaji gigabaiti zipatazo 9 kwa dakika moja tu. Simu nyingi huhifadhi dakika hiyo kwa megabaiti 100 hadi 150. Maana yake ni kwamba video anayoitazama mwananchi imekwishapunguzwa zaidi ya mara 60 kabla hata ya kutumwa kwa mtu mwingine.

Upunguzaji huo hufanyika kwa njia kuu tatu. Kwanza, mtambo huangalia kilichobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Msomaji wa taarifa ya habari anapozungumza, ukuta ulio nyuma yake haubadiliki; kwa hiyo hauhifadhiwi upya mara 25 kwa sekunde, bali hutolewa agizo la kuurudia kama ulivyokuwa. Pili, rangi huhifadhiwa kwa uchache kuliko mwangaza, kwa kuwa jicho la binadamu hutambua tofauti ndogo za mwangaza kwa urahisi kuliko tofauti ndogo za rangi. Tatu, picha hugawanywa katika miraba midogo, kwa mfano pikseli 8 kwa 8, kisha kila mraba hubadilishwa kihesabu ili kutenganisha maumbo makubwa na maelezo madogo. Maelezo madogo ambayo jicho halitayakosa sana hukadiriwa kwa namba chache au huachwa kabisa.

Msingi wa hatua hiyo ya tatu uliwekwa na Nasir Ahmed, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, katika makala iliyochapishwa mwaka 1974. Hesabu yao ndiyo iliyotumika katika kiwango cha picha cha JPEG cha mwaka 1992, na baadaye katika viwango vya video vilivyofuata. Kiwango cha H.264, kinachojulikana pia kama sehemu ya MPEG-4, kilikamilishwa mwaka 2003. Kilichokifuata, HEVC, kilitoka mwaka 2013 kikilenga kutoa ubora uleule kwa takriban nusu ya data, na mwaka 2020 kikafuata kiwango cha VVC.

Mkazi wa Tabora hahitaji kwenda mbali kuielewa kazi hiyo. Katika karne ya 19, misafara kati ya pwani na Unyanyembe ilitegemea ustadi wa kufunga mizigo. Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh mnamo Novemba 7, 1857, walitumia siku 134 kutoka pwani. Majora ya nguo, shanga na nyaya za shaba zilifungwa kwa namna ambayo mpagazi mmoja angeweza kubeba na kufika. Neno furushi la zama hizo ndilo leo, likiwa kifurushi, linalotumika kwa data za simu. Tofauti ni moja, nayo ni ya msingi: mzigo wa mpagazi uliofungwa vizuri ulifunguliwa ukiwa kamili, ilhali video nyingi zinazobanwa hufunguliwa zikiwa pungufu, kwa kuwa sehemu iliyoachwa njiani haimo tena ndani ya furushi.

Tabora ilivyonufaika

Faida za teknolojia hii zilionekana waziwazi nchini wakati wa kuhama kutoka matangazo ya televisheni ya analojia kwenda dijitali. Chini ya makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyosimamiwa na Umoja wa Mawasiliano Duniani (ITU), nchi za ukanda huu ziliwekewa ukomo wa Juni 17, 2015. Tanzania ilianza mapema. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisimamia uzimaji wa mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam Desemba 31, 2012, ikafuatiwa na miji mingine ya awamu ya kwanza mwaka 2013. Mji wa Tabora uliingia katika awamu ya pili, mwaka 2014.

Mfumo uliochaguliwa katika nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ulikuwa wa urushaji wa DVB-T2 pamoja na ubanaji wa MPEG-4. Uamuzi huo ulikuwa na uzito wa kiuchumi. Katika analojia, mkondo mmoja wa megahezi 8 ulibeba chaneli moja tu. Kwa mfumo mpya, chaneli ya kiwango cha kawaida inaweza kurushwa kwa megabiti 2 hivi kwa sekunde, hivyo mkondo uleule ukabeba chaneli 15 au zaidi. Badala ya kila kituo cha televisheni kujenga mnara wake Tabora, Mbeya au Mwanza, kampuni chache zilizopewa leseni ya kujenga miundombinu ya urushaji zilibeba maudhui ya vituo vyote.

Masafa yaliyoachwa wazi hayakukaa bure. Masafa ya megahezi 700 na 800 yana sifa ya kufika mbali na kupenya kuta vizuri kuliko masafa ya juu, na kwa sababu hiyo yanafaa kwa intaneti ya simu katika maeneo yenye makazi yaliyotawanyika, kama ilivyo sehemu kubwa ya Mkoa wa Tabora. Mwaka 2018 TCRA iliendesha mnada wa masafa ya megahezi 700. Kwa mantiki hiyo, kubanwa kwa picha ya televisheni ndiko kulikotoa nafasi ya hewani ambayo sehemu ya intaneti ya leo inapita.

Mabadiliko hayo hayakuwa bila gharama. Mwenye televisheni ya zamani alilazimika kununua king'amuzi, na aliyekuwa pembezoni mwa eneo la mnara alikutana na tabia mpya ya matangazo. Katika analojia, mawimbi yalipodhoofika picha iliingiwa na chenga, lakini sauti na sura viliendelea kufuatika. Katika dijitali, mawimbi yakishuka chini ya kiwango fulani picha huvunjika vipande vya miraba, hukwama, kisha hutoweka. Miraba hiyo ndiyo ileile ambayo mtambo uliigawa picha wakati wa kuibana. Mtazamaji anapoiona, anaushuhudia ubanaji wenyewe ukiwa umekosa taarifa za kuukamilisha.

Kifurushi cha mwananchi

Kwa mwenye simu, ubanaji una sura ya fedha. Video inayorushwa kwa megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 450 kwa saa moja. Ileile ikirushwa kwa megabiti 5 kwa sekunde, hutumia gigabaiti 2.25. Majukwaa mengi ya video huchagua kiwango yenyewe kwa kupima kasi ya mtandao, na pale mtandao unapokuwa mzuri huchagua kiwango cha juu hata kama kioo cha simu ni kidogo kiasi kwamba tofauti haionekani. Mtumiaji anaweza kuchagua mwenyewe kiwango cha chini katika mipangilio, na kwa hotuba, mafunzo ya kilimo au taarifa ya habari hatapoteza jambo la maana.

Hapa ndipo busara ya matumizi inapohitajika. Upotevu unaokubalika katika hotuba haukubaliki katika jedwali la majina. Sura ya mzungumzaji ikififia kidogo, ujumbe wake unabaki. Tarakimu moja ikififia, ujumbe wote unaweza kugeuka. Teknolojia ya kubana picha ilibuniwa kwa kuzingatia kile ambacho jicho linakivumilia katika mandhari na sura za watu. Maandishi madogo meusi juu ya karatasi nyeupe, yenye kingo kali, ni miongoni mwa vitu vinavyoharibiwa zaidi nayo. Na kwa kuwa kila mara picha inapohaririwa, kupigwa upya au kutumwa upya inaweza kubanwa tena, upotevu hujumlishwa. Nakala ya tano hubeba makosa ya nakala nne zilizoitangulia.

Namba iliyobadilika bila kuonekana

Doa lina afadhali moja: msomaji analiona na kutilia shaka. Hatari kubwa zaidi ni pale ubanaji unapotoa namba safi, inayosomeka, lakini isiyo sahihi. Tukio la aina hiyo lilibainika Agosti 2013, wakati mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alipoeleza hadharani kasoro katika baadhi ya mashine za kunakili na kuskani za kampuni ya Xerox. Katika mchoro wa jengo, vyumba vilivyoandikwa mita za mraba 21.11 na 17.42 vilitoka katika nakala vikiwa vyote vimeandikwa 14.13, sawa na chumba kingine. Mahali pengine tarakimu 6 iligeuka kuwa 8.

Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana iitwayo JBIG2. Mbinu hiyo hutafuta maumbo yanayofanana katika ukurasa, huhifadhi umbo moja, kisha hulirudia kila mahali panapoonekana kufanana nalo. Mashine ilipoona 6 inayokaribiana na 8, iliihesabu kuwa 8 na kuiweka mahali pake, ikiwa imenyooka na isiyo na dalili yoyote ya hitilafu. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu, lakini funzo lilibaki: ukali wa picha hauthibitishi usahihi wake.

Kwa mazingira ya Gongoni, funzo hilo linagusa nyaraka za kawaida kabisa: namba ya kiwanja kwenye hati, kiasi cha fedha kwenye ankara ya malipo, namba ya mtihani ya mwanafunzi, au namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Tofauti kati ya kiwanja namba 186 na namba 188 yaweza kuwa mgogoro wa miaka mingi kati ya majirani wawili. Ndiyo maana nakala ya picha, hata inayoonekana safi, haipaswi kuwa msingi wa uamuzi pale waraka halisi unapoweza kupatikana.

Kukuza picha: lenzi na makadirio

Wananchi wengi huamini kwamba picha ikivutwa vya kutosha, kila kitu kitaonekana. Imani hiyo imechochewa na filamu ambamo askari huamuru picha ikuzwe, na namba ya gari lililo mbali hujitokeza ghafla. Uhalisia una mipaka.

Kuna njia mbili tofauti za kukuza. Ya kwanza ni ya lenzi: vioo ndani ya kamera husogea na kuleta mandhari karibu kabla picha haijarekodiwa. Hapa pikseli zote za kamera hutumika katika eneo dogo zaidi, na maelezo mapya ya kweli hupatikana. Ya pili ni ya dijitali: programu hukata sehemu ya picha iliyokwishapigwa na kuitanua. Kamera yenye pikseli 4000 kwa 3000 ikikuza mara nne kwa njia hii, hubakiwa na pikseli 1000 kwa 750 tu za kweli, yaani sehemu moja ya 16 ya picha yote. Nafasi zilizobaki hujazwa kwa makadirio: programu huangalia pikseli jirani na kukisia rangi ya katikati yake.

Katika miaka ya karibuni makadirio hayo yamekabidhiwa kwa akili bandia, ambayo imefunzwa kwa mamilioni ya picha na hukisia kile kinachoelekea kuwepo. Matokeo huvutia macho, lakini yanaweza kuwa ya uongo kabisa. Juni 2020 programu ya majaribio iitwayo PULSE, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, ilizua mjadala mkubwa baada ya kupewa picha iliyofifishwa ya Barack Obama na kutoa sura kali ya mwanamume wa Kizungu. Programu haikuwa imefichua uso uliojificha ndani ya ukungu. Ilitunga uso mwingine unaoweza kuendana na ukungu huo, kwa kutegemea nyuso ilizofunzwa nazo. Kwa Mwafrika, ambaye sura yake mara nyingi haina uwakilishi wa kutosha katika mafunzo ya programu hizo, jambo hili si la nadharia.

Video mbele ya Mahakama

Swali la ukuzaji wa picha limekwishafika mahakamani. Novemba 2021, katika kesi ya jinai iliyosikilizwa Kenosha, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, mwendesha mashtaka alitaka kuikuza video kwenye kishikwambi kwa vidole viwili, kama watu wanavyofanya kila siku. Upande wa utetezi ulipinga, ukidai kwamba kitendo hicho huongeza vitu ambavyo havikuwemo. Jaji Bruce Schroeder aliutaka upande wa mashtaka uthibitishe kuwa picha haibadilishwi. Hatimaye video hiyo ilioneshwa kwenye skrini kubwa zaidi bila kukuzwa. Wataalamu walitofautiana kuhusu uzito wa hoja hiyo, lakini swali lenyewe lilikuwa halali: kati ya pikseli zinazoonekana, zipi zilipigwa na kamera na zipi zimekadiriwa na programu?

Sheria za Tanzania zimeweka msingi wa kulijibu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inaeleza kwamba ushahidi hautakataliwa kwa sababu tu ya kuwa katika mfumo wa kielektroniki. Hata hivyo, katika kupima kupokelewa kwake na uzito wake, huangaliwa uaminifu wa namna taarifa hiyo ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa au kutumwa; uaminifu wa namna uadilifu wake ulivyolindwa; na namna chanzo chake kilivyotambuliwa. Kila moja ya hoja hizo inagusa moja kwa moja masuala ya kubana na kukuza. Video iliyotolewa kwenye kifaa kilichoirekodi ina historia fupi na inayoelezeka. Video iliyopita katika makundi manane ya WhatsApp imebanwa mara kadhaa, taarifa zake za awali za tarehe na kifaa huenda zimeondolewa, na aliyeipiga huenda hajulikani.

Mahakama nayo imepanua matumizi ya teknolojia katika uendeshaji wa mashauri, na kanuni za mwaka 2021 zinaruhusu usikilizwaji kwa njia ya video. Kwa shahidi aliyeko mbali na Tabora, hatua hiyo huokoa nauli na muda. Lakini pale kielelezo kinapotakiwa kuoneshwa, kwa mfano hati yenye saini inayobishaniwa, picha iliyobanwa ya mkutano wa video haiwezi kuchukua nafasi ya hati yenyewe. Ni jambo ambalo wadaawa wanapaswa kulijua mapema, ili wawasilishe nyaraka zao kwa njia inayostahili badala ya kutegemea kuzionesha mbele ya kamera.

Kamera za usalama madukani

Ongezeko la kamera za usalama katika maduka, maghala na nyumba za wageni limeibua matarajio mengine. Mfanyabiashara anayefunga kamera moja pembeni mwa jengo, ikitazama eneo lote, anaweza kudhani amejilinda. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilipendekeza pikseli 250 kwa kila mita ya upana ili kumtambua mtu asiyefahamika, na pikseli 125 kwa mita ili kumtambua anayefahamika. Kamera yenye upana wa pikseli 1920 hutimiza sharti la kwanza ikiwa eneo linalotazamwa halizidi mita 7.7 hivi kwa upana. Ikitazama upana wa mita 30, hubakiwa na pikseli 64 kwa mita, na uso wa mtu utachukua takriban pikseli 10 tu. Hakuna ukuzaji utakaozigeuza pikseli 10 kuwa sura ya kutambulika.

Ushauri unaotokana na hesabu hiyo ni rahisi na hauhitaji gharama kubwa: kamera moja ielekezwe mlangoni, kwa eneo dogo, kwa usawa unaoonesha uso, na nyingine zitumike kuangalia eneo pana. Aidha, kiwango cha kubana kisiwekwe cha juu kupita kiasi ili kuokoa nafasi ya kuhifadhi. Rekodi ya siku 60 isiyotambulisha mtu ina manufaa madogo kuliko ya siku 15 inayotambulisha.

Mwenye kamera ana wajibu pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha inayoweza kumtambulisha mtu ni taarifa inayomhusu, na kuisambaza mitandaoni kwa lengo la kumwita mwizi kabla ya uchunguzi kunaweza kumdhuru asiye na hatia. Hatari hiyo huongezeka pale picha inapokuwa hafifu, kwa kuwa uso uliofifia hufanana na nyuso nyingi. Mahali sahihi pa kuiwasilisha rekodi ni kituo cha Polisi, ikiwa katika faili lake la awali.

Wajibu wa taasisi na wa mwananchi

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imempa mwananchi haki ya kupata taarifa zilizo chini ya mamlaka za umma. Haki hiyo hupungua thamani iwapo taarifa inatolewa kama picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu ubaoni. Waraka wa maandishi, hata wenye kurasa nyingi, kwa kawaida huwa mwepesi kuliko picha zake, hukuzwa bila kupoteza ukali wa herufi, na humruhusu msomaji kutafuta jina lake kwa kuliandika. Pia husomwa na programu zinazowasaidia watu wenye ulemavu wa kuona, jambo ambalo picha hafifu haiwezi. Kwa hiyo taasisi yoyote ya umma inayotoa tangazo ina sababu nzuri za kuweka maandishi kamili katika tovuti yake rasmi, na kuzitumia picha kama mwaliko wa kuufikia waraka huo.

Kwa upande wa mwananchi, hatua chache zinatosha kupunguza madhara. Kwanza, kabla ya kusafiri au kulipa kwa kutegemea tangazo lililosambazwa kama picha, afungue tovuti ya taasisi husika, ambayo kwa taasisi za Serikali anwani yake huishia na go.tz, na kulinganisha namba, tarehe na majina. Pili, anapomtumia mwingine tangazo, atume kiungo cha tovuti au faili lenyewe. Katika WhatsApp, faili linalotumwa kama waraka hufika bila kubanwa upya, tofauti na linalotumwa kama picha. Na tangu Agosti 2023 kuna chaguo la kutuma picha kwa ubora wa juu zaidi. Tatu, anayehifadhi video kwa ajili ya shauri asiikate, asiipambe na asiikuze kwa programu, bali aiache ndani ya kifaa kilichoirekodi na kutengeneza nakala ya faili lilelile. Nne, anayepokea hati, ankara au mchoro ulioskaniwa aulinganishe na nakala halisi pale penye tarakimu zinazoamua fedha, ardhi au mtihani.

Teknolojia ya kubana picha imeufikisha mkoa wenye watu zaidi ya milioni 3.3, kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, katika matangazo ya dijitali na intaneti ya simu kwa gharama ambayo isingewezekana bila yake. Viwango vipya vitaendelea kubana zaidi, na programu za kukuza zitaendelea kutoa picha zinazovutia zaidi. Wajibu wa kuhakiki hautaondolewa na maendeleo hayo. Utaongezeka, kwa sababu makosa yatakuwa magumu zaidi kuyaona kwa macho. Mwombaji wa ajira, mdaawa, mfanyabiashara na mzazi anayetafuta matokeo ya mtoto wake wote wana haki ya kuamua mambo yao kwa taarifa iliyo kamili, na taarifa hiyo hupatikana kwenye waraka wa awali.